Je, Wajua? Mzee, Bahari Haiulizi Umri

Haya, sogea kidogo hapo kwenye benchi nikae. Leo nazungumza na wewe uliyevuka miaka 60, watoto wameshajitegemea, na kiinua mgongo kimebakiza chenji baada ya kupaua nyumba. Umesema unataka kupanda meli peke yako, na familia nzima imeitisha kikao? Kabla hawajamaliza kikao chao, shika haya.

Wazee walioishangaza bahari

Je, wajua kwamba kichefuchefu cha safari huwatesa watoto zaidi kuliko wazee? Huwa kikali zaidi kwenye umri wa miaka 9 au 10, kisha hupungua kadiri mtu anavyokua. Kwa hiyo bibi na mjukuu wakipanda boti moja, mfuko wa kutapikia mpe mjukuu!

Mjapani Kenichi Horie alivuka Bahari ya Pasifiki peke yake mwaka 2022, akiwa na miaka 83. Alitoka San Francisco, Marekani, akafika kwao Japani baada ya siku 69. Mashua yake ya tanga ilikuwa na urefu wa mita 6 tu!

Ngoja, huyo huyo Horie bado hatujammaliza. Mwaka 1962, akiwa kijana wa miaka 23, aliivuka Pasifiki peke yake kwa siku 94, tena bila pasipoti. Alipofika San Francisco akakamatwa. Meya wa jiji akaingilia kati, akaachiwa, na juu yake akapewa ufunguo wa heshima wa jiji.

Unadhani hayo ni ya wanaume? Jeanne Socrates wa Uingereza, mwalimu wa zamani wa hesabu, alimaliza kuizunguka dunia kwa tanga mwaka 2019. Alikuwa na miaka 77, mjane, peke yake, bila kutia nanga popote njiani. Kuendesha tanga alijifunza akiwa mtu mzima kabisa!

Na miaka ya nyuma je? Ida Pfeiffer wa Vienna alisubiri watoto wake wawili wakue, kisha mwaka 1842, akiwa na miaka 44, akaanza kusafiri peke yake. Ndugu aliwaambia anakwenda kumtembelea rafiki yake Istanbul; kumbe anaelekea Yerusalemu! Akaja kuizunguka dunia mara mbili, enzi ambazo mwanamke kusafiri peke yake kulitosha kuwa habari ya mji.

Huyo Ida alifika hata kwenye bahari yetu. Mwaka 1857, akikaribia miaka 60, aliingia Madagaska, akajikuta katikati ya njama za kumpindua Malkia Ranavalona wa Kwanza, na akafukuzwa nchini. Hebu niambie, shangazi yako amewahi kufukuzwa na malkia?

Waliohamia melini jumla

Je, wajua wapo wazee waliouza nyumba wakahamia melini? Mmarekani Lee Wachtstetter, aliyejulikana kama Mama Lee, alifiwa na mume mwaka 1997. Mumewe alikuwa amemuusia asiache kusafiri kwa meli, naye akautii wosia huo vilivyo: aliishi miaka mingi ndani ya meli ya Crystal Serenity, na karibu kila jioni alikuwa ukumbini akicheza dansi.

Kodi yake sasa! Mama Lee alikuwa akilipa takriban dola 164,000 kwa mwaka, chakula na chumba ndani yake. Mwenye nyumba wako akija mwisho wa mwezi, msomee hiyo.

Beatrice Muller naye alihamia kwenye meli ya QE2 (Queen Elizabeth 2) mwanzoni mwa mwaka 2000, baada ya mumewe kufia ndani ya meli hiyo hiyo. Alikaa humo mpaka meli ilipostaafishwa mwaka 2008. Yaani meli ilistaafu kabla ya abiria!

Na QE2 yenyewe iko wapi leo? Iko Dubai, imefungwa gatini Mina Rashid, na tangu 2018 ni hoteli. Ukienda kumsalimia mwanao anayefanya kazi kule, unaweza kulala melini bila kusogea hata hatua moja.

Mario Salcedo, mzaliwa wa Kuba, aliacha kazi ya ofisini mwaka 1997 akiwa na miaka 47, akaingia melini. Tangu hapo maisha yake ni safari juu ya safari, peke yake, hata akatengenezewa filamu. Sasa cheka: amezoea kuyumba kiasi kwamba akishuka nchi kavu anashindwa kutembea kwa mstari ulionyooka!

Je, wajua kwamba tatizo lake si mzaha? Mtu akikaa sana majini, ubongo huzoea mawimbi, na akishuka ardhi nzima huonekana inacheza. Kwa wengi hupita ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo ukitoka Zanzibar na kibaraza chako kinayumba, usiwaite mafundi.

Peke yako, bei ya wawili

Hili litakuuma. Vyumba vingi vya meli za kitalii hupangwa bei kwa kuhesabu watu wawili, hivyo anayelala peke yake anaweza kudaiwa nauli ya mtu na nusu, au hata ya wawili kamili. Unalipia mwenzio asiyekuwepo, na wala hakoromi!

Lakini dawa imeanza kupatikana. Mwaka 2010 meli ya Norwegian Epic ilianza kazi ikiwa na vyumba 128 vya mtu mmoja mmoja. Vidogo kweli, takriban mita 9 za mraba, lakini ufunguo ni wako na kitanda ni chako.

Unaogopa utakosa wa kucheza naye? Meli ya Queen Mary 2 hubeba mabwana maalumu, watu wazima waliovaa suti zao safi, ambao kazi yao ni kucheza dansi na akina mama waliosafiri peke yao. Sharti ni moja: muziki ukiisha, mapenzi hakuna.

Samahani kwa hili, lakini lazima ulijue. Meli kubwa za kitalii huwa na zahanati, daktari na wauguzi wake. Na chini kabisa, mahali ambapo abiria haonyeshwi, zina chumba kidogo cha kuhifadhia maiti. Wamejiandaa kwa yote!

Je, wajua safari ya kwanza ya kitalii ya kuizunguka dunia kwa meli moja iliondoka lini? Ilikuwa Novemba 1922, kutoka New York, kwa meli iitwayo Laconia. Ilipita bandari 22 kabla ya kurudi nyumbani mwaka uliofuata.

Dude la baharini

Meli ya kitalii kubwa kupita kawaida, Icon of the Seas, ilianza safari Januari 2024 kutoka Miami. Ina sitaha 20, mabwawa 7 ya kuogelea, na inaweza kubeba abiria 7,600. Urefu wake ni mita 365: panga viwanja vitatu vya mpira, ncha kwa ncha, na meli bado inavipita!

Titanic unayoisikia kila siku ilikuwa na urefu wa mita 269. Kwa ukubwa wa ndani, Icon inaizidi zaidi ya mara tano. Titanic leo ingeonekana ya wastani.

Wapo walioahidiwa dunia wakaishia gatini. Mwaka 2024 meli ya Villa Vie Odyssey ilikuja Belfast kwa matengenezo mafupi kabla ya safari ya miaka kadhaa. Ikakwama miezi minne! Abiria, wengi wao wastaafu, walikuwa wakishinda melini na kulala hotelini.

Na sisi je?

Usidhani bahari ni ya wageni. Mwaka 1840 meli ya Sultana, ya Sultani Seyyid Said, iliondoka Zanzibar ikafika New York tarehe 30 Aprili. Ndani kulikuwa na tende, kahawa, karafuu, pembe za ndovu, na farasi wa zawadi kwa rais wa Marekani. Mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman, alipokelewa kwa heshima zote.

Mwimbaji Siti binti Saad alipanda meli kwenda Bombay mwaka 1928, akiwa mama mtu mzima, kurekodi taarabu kwenye sahani za santuri. Hapakuwa na studio hapa, basi akaifuata ng'ambo ya bahari. Sauti yake ikarudi Zanzibar ndani ya masanduku!

Na mwimbaji Bi Kidude je? Alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005 nchini Uingereza, wakati huo tayari bibi mkongwe ambaye hakuna aliyekuwa na hakika ya umri wake. Aliimba Ulaya mpaka Japani. Alipofariki Aprili 2013, wengi waliamini amevuka miaka 100.

Mzee Kimani Maruge wa Kenya alianza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, kaptura na soksi kama wenzake. Septemba 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuzungumzia elimu ya bure. Darasa la pili, kisha Umoja wa Mataifa!

Mwaka 2019 Mmarekani Anne Lorimor alifika kilele cha Uhuru, Mlima Kilimanjaro, akiwa na miaka 89. Sasa wewe unayesema magoti hayapandi ngazi za daraja la Manzese hapa Dar, hebu tuambie vizuri.

Je, wajua kwamba babu zetu walipanda meli kubwa hapa hapa Dar es Salaam? Karanja na Kampala, zilizoundwa Glasgow miaka ya 1940, zilikuwa zikipita Bombay, Mombasa, Zanzibar, Dar na kushuka mpaka Durban. Karanja iliendelea na njia hiyo hadi mwaka 1976.

Na kabla ndege hazijazoeleka, wazee wengi wa pwani walikwenda Hijja kwa meli. Walidunduliza miaka na miaka, wakafungasha, wakaaga kijiji kizima. Aliyerudi hakuwa na haja ya kujisifu, maana mtaa mzima ulimpokea.

Meli kongwe kuliko babu yako

Meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye masanduku 5,000, ikaletwa hapa bandarini Dar es Salaam, kisha ikapakiwa kwenye treni mpaka Kigoma. Yaani meli ilipanda treni!

Mwaka 1916, vita ikiwa imewazidi, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe. Lakini mafundi walifanya jambo la akili: kwanza waliipaka mitambo grisi nene kila kona, ndipo wakaiacha iende chini.

Unajua Waingereza waliiopoa baada ya muda gani? Karibu miaka minane! Ilikuwa mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wewe ukikaa ndani wiki moja na mafua unasema umeisha.

Uwanja wa meli ulioiunda Liemba, Meyer Werft wa mji wa Papenburg, bado upo na umefanya kazi tangu 1795. Siku hizi unaunda meli kubwa za kitalii za dunia. Mto wa pale ni mwembamba, basi meli hizo hushushwa kuelekea baharini kinyumenyume, na maelfu ya watu hujipanga kingoni kutazama.

Liemba haikubeba watalii tu. Mwaka 1997 ilirudisha makwao zaidi ya wakimbizi 75,000 wa Zaire. Mwaka 2015 ikawaokoa Warundi waliokwama ufukweni Kagunga, ikawapeleka Kigoma. Kikongwe hicho kina thawabu!

Na ziwa lenyewe? Lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Vituo vingi havikuwa na gati, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa ikiifuata Liemba katikati ya maji, na abiria, mbuzi na magunia ya dagaa vilipanda kwa kuvutwa mkono.

MV Victoria ya Ziwa Victoria nayo iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Ilisimama kwa ubovu, ikakarabatiwa, na tangu Agosti 2020 inabeba tena watu kati ya Mwanza na Bukoba. Ina umri wa mstaafu kabisa, na bado inakesha usiku kucha majini!

Mdogo wake ni MV Mwanza: urefu mita 92.6, abiria 1,200, mizigo tani 400. Iliteremshwa majini Februari 2023. Ukiwa na Victoria, unapanda jioni, unalala chumbani, asubuhi uko mji mwingine. Kama huo si utalii, basi utalii ni nini?

Siri za kusafiri na mkongojo

Kwa safari ya Zanzibar, tazama upepo kabla ya tiketi. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na Kusi hushika kuanzia Aprili. Katikati ya mwaka Kusi huchachamaa na boti huruka; Januari bahari huwa na adabu zaidi.

Je, wajua kiti kinachoyumba kidogo kuliko vyote ni kipi? Ni cha katikati ya chombo, sakafu ya chini. Vijana waache wakimbilie mbele juu kupiga picha. Wewe kaa katikati, tazama mbali pale maji yanapokutana na mbingu, na tafuna kipande cha tangawizi.

Boti ziendazo kasi hufika Zanzibar kwa takriban saa mbili. Na baadhi ya boti ziitwazo Kilimanjaro ziliundwa Tasmania, kisiwa kilicho kusini kabisa mwa Australia. Zilishasafiri mbali kabla hujazipanda!

Ukivuka kwenda Pemba, jua kwamba chini yako si mchezo. Unguja na Mafia zimekaa kwenye maji ya kina kifupi jirani na bara, lakini mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. 

Mafia je? Panda kivuko kule Nyamisati, Pwani. Kati ya Oktoba na Machi utamkuta papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, mrefu kupita daladala. Na hali watu. Anakula vijidudu vya baharini na visamaki vidogo!

Ukitaka bandari za ng'ambo, pasipoti ya kawaida ni Sh 150,000 na unaitumia miaka 10. Igawe: ni Sh 15,000 kwa mwaka. Vocha za wajukuu zinazidi hapo.

Je, wajua kwamba tangu Aprili 2016 Zanzibar inamlipa pensheni kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, hata kama hakuajiriwa popote? Ilianza kwa Sh 20,000 kwa mwezi. Mkulima, mvuvi na mama wa nyumbani, wote dirisha moja.

Huku bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Pita hapo kabla ya safari: pima presha, chukua dawa za siku zote pamoja na za akiba. Ziweke kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linalokwenda chini.

Na hili lisemwe bila kucheka. Ukipanda chombo chochote, ulizia jaketi okozi liko wapi, na livae ukiambiwa. Ukiona kimejaa kupita kiasi, shuka! Nauli hurudi, wewe huwezi kununuliwa.

Bahari ya Sh 200

Je, wajua kwamba Mombasa, kivuko cha Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu? Zaidi ya watu 300,000 huvuka kila siku. Bure kabisa, mkongojo wako ndani.

Sasa rudi hapa Manzese, iliyokuwa Kinondoni na leo iko Ubungo. Mwendokasi wa kwanza, njia ya takriban kilomita 21, ulianza Mei 2016, na vituo vitatu viko mlangoni kwako: Tip Top, Manzese na Argentina. Ukipanda gari la Kivukoni, hushuki popote kubadilisha!

Shuka Posta ya Zamani kama unakwenda boti za Zanzibar; ni hatua chache mpaka geti. Usisahau kitambulisho, na tiketi nunua dirishani. Wale vijana watakaokuita "baba, baba, huku" kabla hujafika dirishani, wasalimie tu na upite.

Au nenda mpaka mwisho, Kivukoni, ukapande pantoni. Geti likifunguliwa watu hukimbia: mwenye beseni la samaki, mwenye baiskeli, mwenye kuku wawili wamefungwa miguu. Wewe usikimbie; kijana mmoja atakupisha kiti kwa "shikamoo" tu.

Kwa dakika zisizofika kumi utapigwa upepo wa bahari, utaona meli za makontena zikiingia mlango wa bandari, na utashuka Kigamboni nguo kavu. Nauli ya mwenda kwa miguu ni Sh 200. Chumba cha mtu mmoja hakina nyongeza, kwa sababu chumba chenyewe hakuna!

Basi, mzee wangu, mwanao akikuuliza unakwenda na nani, mwambie unakwenda na kitambulisho, dawa na nauli. Anza na pantoni Jumamosi hii, mwezi ujao Zanzibar, mwakani panda meli ya usiku ya Mwanza. Afya ikiruhusu leo, kata tiketi leo.